Kiingereza cha Mjomba na Sanduku Mlangoni

Wiki iliyopita tuliingia duka la mitumba, mimi na wenzangu wawili wa darasani, kutafuta makoti ya maigizo ya shule. Wao wakaziba pua. Koti la kwanza tulilolishusha lilinuka naftalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo, na mmoja wao akasema linanuka marehemu. Mimi nikalivaa. Nikaivuta kola mpaka puani, nikazunguka katikati ya rafu za vikombe na skii kuukuu, na muuzaji akanitazama kwa lile jicho la Kiswidi lisilosema kitu lakini ambalo moyoni limeshaita polisi. Sikujali. Harufu ile ilikuwa imenirudisha jikoni kwetu, kwenye baridi moja ndefu iliyokuwa na sanduku mlangoni, na kabla hujaanza kunionea huruma, mwenye sanduku yuko hai, anakula vizuri, na jana tu kaninyang'anya rimoti.

Tulikuwa tunakaa Fisksätra, kitongoji cha Stockholm, watatu: mama, mimi, na Mjomba Zabuloni, kaka yake mama. Dirisha la jikoni lilitazama reli, na treni ya kwenda mjini ikipita, vijiko vilikuwa vinatetemeka kwenye droo. Mimi nilitetemeka hata bila treni. Nilikula nimesimama, nilisoma natembea, na ndani ya treni nilikimbia kutoka dirisha la upande huu hadi la upande ule ili maji yasinipite na msitu nao usinipite. Mwalimu alimwambia mama kwenye kikao cha wazazi kwamba nina sisimizi ndani ya suruali, ndivyo Waswidi wanavyomsema mtoto asiyetulia. Mkalimani wa kikao nilikuwa mimi. Nikatafsiri kwamba mwalimu anasema nina nguvu. Mama akanitazama. Kiswidi alikuwa hakijui sana, ila mimi alinijua.

Kutwa nzima niliingia na kutoka, na kila nilipogusa kitasa cha mlango, sauti ilitoka sebuleni, nzito, ya mtu aliyekaa vizuri: "Whither goest thou?" Yaani, unaelekea wapi wewe. Jibu lilikuwa moja tu, alinifundisha mwenyewe: "Hither and thither." Huku na huko. Kwa muda mrefu niliamini ni nywila, kwamba nikikosea silabi moja kitasa kitakataa.

Mjomba na mama ni Warundi, wamekulia kwenye makazi ya wakimbizi magharibi mwa Tanzania. Huko hakukuwa na Mwingereza hata wa dawa. Kulikuwa na kamusi isiyo na jalada, iliyoachwa na mama mmoja wa misheni aliyekwishaondoka kabla Mjomba hajazaliwa, na vijitabu vya mahubiri vya umri uleule. Kwa hivyo ndivyo alivyojifunzia Kiingereza, peke yake, kwa kibatari, bila kusikia mtu yeyote akikizungumza. Kurasa zote za herufi A zilikuwa zimeliwa na mchwa. Mama alisema ndiyo sababu Mjomba hajui kuomba radhi kwa Kiingereza: neno lenyewe, "apology", lilikuwa kwenye zile kurasa.

Kamusi ilikuja naye mpaka Stockholm. Kila tukikaa kula, aliweka neno mezani kama mtu anayeweka chumvi. "Betwixt", katikati ya vitu viwili. "Verily", hakika. "Perchance", huenda. "Yonder", kule tunakokuona lakini hatujafika. "Wherefore", ambalo watu wanadhani linauliza wapi, na kumbe linauliza kwa nini. Kwenye kamusi ile neno "meat" lilikuwa chakula chochote, siyo nyama peke yake, kwa hiyo Mjomba alikuwa anatokea chumbani akiuliza, "Is the meat ready?" na mama ameinama juu ya sufuria ya maharage. Mara ngapi nimechimba sufuria ile na mwiko nikitafuta nyama iliyotajwa. Mama hakupenda mchezo huo hata kidogo. Alisema ndani ya nyumba yake maharage yataitwa maharage. Mimi nilimjibu mama kwa Kiswidi, kama kawaida yetu watoto wa huku, naye akaniambia niongee kama mtu.

Jumapili tulikwenda ibada kwenye ukumbi wa kukodi kule Fittja, Warundi, Wakongo, Wakenya, kila mmoja na Kiswahili chake mfukoni. Baada ya sala watu walikunywa chai, na Mjomba akapata jukwaa lake. Alimsogelea Auntie Wanjiru, Mkenya muuguzi anayeongea Kiingereza kwa kasi ya mtu anayefukuzia basi, akamwamkia kwa sentensi ndefu yenye "thee" na "thine" ndani yake. Auntie Wanjiru alishika kikombe kwa mikono miwili kisimwagike.

"Kaka Zabu," alisema, "hiyo Kizungu yako hata malkia hajaisikia."

Njiani kurudi Mjomba alilirudia lile neno mpaka tukashuka treni. Umesikia? Hata malkia.

Nataka uelewe kwamba hakuwa mjinga. Alikuwa na hesabu yake na ilikuwa inaingia akilini. Warundi wa mjini, alisema, wana Kiswahili chao, Wakongo wana chao kilichotiwa Kifaransa, Wakenya wana chao cha haraka, lakini Kiswahili kilichonyooka kina kwao. Basi na Kiingereza ni hivyohivyo. Runinga ni ya Wamarekani, watu waliotoka nyumbani wakasahau. Mtangazaji wa redio anakatakata maneno kwa sababu muda wa taarifa ni mdogo. Wakenya wamejifunzia barabarani. Kiingereza kamili kipo, kinaongewa na wenyewe, nyumbani kwao, na siku akifika ataelewa na ataeleweka kuanzia kizingitini. Kwa sababu hiyo hakuona haja ya Kiswidi. Alikuwa anafanya kazi ghalani Jordbro, anapanga maboksi na watu wa mataifa yote, na kazi ile ilitaka mikono tu. Darasa la Kiswidi la wageni alilihudhuria majuma machache, kisha akasema lugha ile inaimbwa kama mtu anayeteremka ngazi, hawezi.

Alipopata pasi ya Uswidi, wengine wangepika pilau. Yeye aliteremsha sanduku kutoka juu ya kabati. Rafiki yake wa makazini alikuwa amehamia mji mmoja wa Uingereza na akamwambia kazi ipo. Mjomba akapanga suti yake, makoti mawili, mashati, akatupia naftalini katikati yake kwa ukarimu wa mtu anayelisha kuku, na juu kabisa akalaza kamusi. Kisha akalisimamisha sanduku mlangoni, angoje likizo yake na nauli ya bei nafuu. Likakaa pale baridi nzima. Nyumba yote ikanuka safari. Kila nikitoka niliruka sanduku, kila nikirudi nilijikwaa, na kila nilipojikwaa nilikumbuka hesabu nyingine ambayo hakuna aliyenifundisha: sanduku likiondoka, hakuna wa kuniuliza naelekea wapi.

Mama yeye hakusema aende wala abaki. Alipiga deki kulizunguka sanduku.

Sasa, shuleni ndiyo kwanza tulikuwa tumeanza Kiingereza. Mwalimu, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba, alitaka kila mmoja aulize swali dogo. Wenzangu waliuliza jina lako nani. Zamu yangu ilipofika nikasimama kwenye kiti, maana kukaa kulikuwa bado hakujanikubali, nikauliza kwa sauti ya Mjomba, nzito, ya sebuleni: "Whither goest thou?"

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akaacha kucheka, akaniuliza nimeyatoa wapi, na nilipomwambia ni ya nyumbani, akavuta kiti. Nadhani miaka yote alikuwa amengoja mtoto mmoja tu amwulize kitu ambacho hakimo kitabuni. Aliniambia zamani "silly" alikuwa mtu mwenye heri, ndiyo baadaye akashuka akawa mpuuzi. Kwamba "nice" naye alianza kama mpumbavu, akapanda cheo. Kwamba "girl" aliwahi kuwa mtoto yeyote, hata wa kiume. Na "thou", ambalo mimi nilikuwa nimeliweka kundi moja na shikamoo, la kuamkia wakubwa, kumbe halikuwa la heshima. Lilikuwa la mtu wako. Mtoto wako, ndugu yako, rafiki unayekula naye. Wiki ile nilimwita kila mtu niliyekuwa simpendi "nice", akiwemo mama wa kantini aliyekuwa akinipimia viazi, na wote wakanishukuru.

Lakini kuna kitu kingine mwalimu alisema, akiwa ameshainuka. Nilimwuliza Uingereza wanaosema hivyo wako mji gani, ili Mjomba asipotee. Akanishika bega akasema hawapo, mpenzi. Wote walioongea hivyo walikufa karne nyingi zilizopita.

Mtoto akiambiwa jambo kama hilo analichukua kama lilivyo. Nilikwenda nyumbani nikamkagua Mjomba. Mvi alikuwa nazo. Magoti yalilia akiinuka. Mara ngapi alikuwa amesema yeye ameona mengi. Nikamwuliza mama Mjomba amezaliwa lini, akasema hakuna aliyeandika, ila karatasi za Uswidi zinasema tarehe moja Januari, kama nusu ya watu wa kanisani kwetu. Ushahidi ulikuwa umetimia. Mjomba alikuwa na umri wa karne kadhaa, wenzake wote walikuwa wameshakufa, na habari hiyo ilikuwa haijamfikia. Alikuwa anapanga kurudi kwa watu ambao ni makaburi. Au mbaya zaidi: angeshuka uwanja wa ndege, afungue mdomo, na wangemkamata wamweke kwenye nyumba ya makumbusho.

Nyumba ya makumbusho sikuitunga. Darasa letu lilipelekwa kuiona meli ya kale ya mfalme, ile iliyozama hapahapa Stockholm siku ya kwanza ilipong'oa nanga, ikakaa chini ya maji mpaka watu wa juzi wakaipandisha. Imejengewa nyumba nzima, giza, baridi, meli nyeusi kubwa kama jengo letu, imechongwa masimba na wafalme mwili mzima. Yaani nzuri, na haikufika popote. Nilimwuliza mwenye kutuongoza meli ile ina umri gani, na kwa alivyojibu nikaona ni rika moja na Mjomba.

Kisha yule mwongozaji akatuhadithia jambo lililonifanya nisimame palepale, na wenzangu wanaweza kukuapia kwamba hilo halikuwa limetokea tangu wanifahamu. Alisema kabla meli haijasafiri waliijaribu. Walichukua mabaharia wakawakimbiza sitahani, kutoka upande huu hadi upande ule, upande huu hadi upande ule, waone kama itasimama imara. Ikayumba vibaya sana, wakawaambia waache kukimbia. Walijua. Lakini mfalme alikuwa mbali vitani, naye aliitaka meli yake, na hakuna aliyepeleka habari. Wakaiacha iondoke na bendera zake, watu wamejaa ufukweni wanapunga mikono.

Nilirudi kwa treni nikikimbia dirisha hadi dirisha, na safari hii sikuangalia maji wala msitu.

Mjomba alikuwa jikoni na chai yake. Likizo ilikuwa imepatikana, tiketi imekatwa, Jumamosi anaondoka. Mama alikuwa anaosha vyombo. Nilizunguka meza, nikazunguka tena, mpaka mama akasema nikae au nitoke.

"Mjomba," nikasema, "wamekufa."

Kikombe kikasimama kabla ya mdomo. "Nani?"

"Wale wanaosema thou. Kule Uingereza."

"Wote?"

"Wote. Mwalimu kasema. Zamani, wakati wa ile meli."

Akakiweka kikombe chini polepole, na sikio la kikombe akaligeuza lielekee ukutani. "Hata vijijini?"

"Hata vijijini."

Nilitegemea acheke, au anifukuze. Badala yake alianza kuuliza, mmoja mmoja, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia.

"Na verily?"

"Amekufa."

"Betwixt?"

"Amekufa."

"Perchance."

"Huyo sikumwulizia."

"Yonder?"

"Yonder yupo. Lakini ni mzee sana, anakaa mbali."

Bomba likafungwa. Mama alikuwa amegeuka, mikono ina povu. Baadaye sana, nimekuwa mkubwa, ndipo nilipojua kwa nini aligeuka. Sauti ile yeye alikuwa anaifahamu. Ndivyo walivyokuwa wakiuliza kule makazini akitokea mtu ametoka nyumbani kwao ng'ambo ya mpaka, miaka ile ya vita: huuliza kwanza ukoo mzima, halafu mmoja mmoja kwa jina, na yule unayemwogopea zaidi unamweka mwisho.

"Na hither na thither?" Mjomba akauliza.

Mwalimu alikuwa ameshaniambia. Jibu nilikuwa nalo mdomoni, na mimi ni mtu ambaye mdomo wake haujawahi kukosa la kusema, waulize wote walionifundisha. Nikashindwa. Nikasema sijui.

Akaitikia kwa kichwa, akaenda chumbani, akafunga mlango bila kuubamiza.

Siku zilizofuata zilinikaa kama sweta la sufu linalowasha. Nilitoka nje, nikarudi, nikatoka. Niligusa kitasa na kungoja. Hakuna aliyeuliza. Mara moja nilifungua na kufunga mlango makusudi, mara nyingi, mpaka jirani akachungulia, na sebuleni kukawa kimya vilevile. Mjomba alikaa kwenye kochi lake mikono magotini, ananitazama nikigombana na mama, mama kwa Kiswahili, mimi kwa Kiswidi, na alikuwa anatusikiliza kama mtu anayesikiliza mvua ajue kama inaacha. Mezani hakuweka neno. Sanduku lilikuwa palepale. Kitabu changu cha kusoma cha shule kilipotea, nikakitafuta chini ya vitanda vyote, nikamsingizia mama.

Siku moja nilimsikia anaongea kwa simu na rafiki yake wa Uingereza. Alimwuliza watu wa huko wanaongeaje. Simu ya Mjomba ilikuwa inapiga kelele, kwa hiyo jibu tulilisikia wote: yule bwana alisema anafanya kazi na Wapolandi na Wasomali, nyumbani wanaongea Kirundi, na Mwingereza mwenyewe humwona kwenye runinga. Mjomba akamshukuru, akamuuliza hali ya watoto, akakata. Kisha akamwambia mama, mimi nikiwa nyuma ya mlango nimesimama kwa mguu mmoja:

"Kama ni msiba, nitaukalia hapahapa."

Mama alirudi jikoni akachagua maharage, akayapika kwa kitunguu kingi kama Jumapili. Yalipoiva alisimama katikati ya mlango wa sebule, mama yangu ambaye hajawahi kusema sentensi ya Kiingereza kwa hiari yake, akajifuta mikono kwenye kanga na kusema kwa lafudhi nzito ya kwao, "The meat is ready."

Mjomba akamtazama dadake. Akainuka, magoti yakalia, akaja akala.

Jumamosi nilikwenda kucheza kwa watu mapema kabisa, kwa sababu niliyoyasikia nyuma ya mlango sikuyaamini na sikutaka kuwepo teksi ikija. Nilizunguka uwanja wote, stesheni, dukani, stesheni tena. Njaa ndiyo iliyonirudisha. Nikiwa bado ngazini harufu ikanipiga, naftalini, kali mara kumi ya siku zote, na moyo ukaniambia amepita hapa sasa hivi, ameondoka. Nikapanda nakimbia. Mlango ulikuwa wazi, na pale sanduku lilipokuwa limesimama kulikuwa na pande la sakafu safi lisilokanyagwa baridi nzima.

Halafu nikaona makoti. Mawili, yametundikwa kwenye vigingi vya mlangoni, yananuka mpaka macho yakatoa machozi. Mashati yalikuwa yametandazwa kwenye migongo ya viti yapate hewa. Suti ilikuwa mlangoni pa bafu. Nyumba nzima ilikuwa inanuka mtu aliyefungua sanduku lake.

Nilikula kipande cha mkate nimesimama, nikavaa viatu tena, maana rafiki yangu alikuwa chini ananiita, nikagusa kitasa.

"Vart går du?"

Ilitoka sebuleni, nzito, ya mtu aliyekaa vizuri, na ile R ya Kirundi inabingirika kama gurudumu. Kiswidi. Neno kwa neno, ni swali lake lilelile. Nikageuka. Mjomba alikuwa na kitabu changu cha shule mapajani, kidole kikiwa katikati ya kurasa, naye alikuwa anangoja jibu, uso mkavu kama wa mtihani.

Nikajibu kama Mswidi yeyote anavyojibu, bila kufikiri, na nilipoyasikia maneno yakitoka mdomoni mwangu ndipo nikayatambua. "Hit och dit." Huku na huko.

"Ehe," alisema Mjomba. "Hao wawili hawakufa. Walikimbilia huku."

Akafungua kitabu pale kidole kilipokuwa. Rafiki yangu aliita tena kutoka chini. Nikafungua dirisha nikamwambia aende tu, kisha nikavua viatu, nikaja nikakaa.